Mtani wa Azeta Mbele ya Kamera

Azeta Bancé alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa duka la nguo, na wiki hiyo hiyo duka likafungwa. Mwenye duka alikuwa mtu wa Lomé. Alikusanya vyake akarudi kwao, akamwachia Azeta funguo za mlango ambao nyuma yake hapakuwa na hata soksi.

"Kumbe umekuwa msimamizi wa makufuli," Pélagie Bationo akamwambia. "Hongera, Mbisa."

Saluni nzima ilicheka, na mimi nikiwemo, ingawa nilikuwa nasukwa na kila nilipocheka nywele zilivutwa. Saluni ya Pélagie ni kibanda cha mabati kwenye geti la ua tunaoishi, hapa mtaani Gounghin. Azeta anakaa chumba cha pili kutoka getini. Mimi na mume wangu tunakaa mbele kidogo. Pélagie ni Mgurunsi kwa kabila, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Azeta ni Mbisa. Basi hawa wawili walikuwa watani hata kabla hawajazaliwa. Mgurunsi akikutana na Mbisa lazima amtajie karanga, na Mbisa akikutana na Mgurunsi lazima amtajie mbwa, kwani Wabisa hutaniwa kwa kupenda karanga na Wagurunsi kwa kula mbwa. Mimi ni Mmosi. Watani wangu ni Wasamo, na nimeolewa na mmoja wao, kwa hiyo vita vyangu viko nyumbani. Pale saluni nilikuwa mtazamaji tu.

Dukani Azeta alikuwa na sifa moja ambayo bosi wake hakuipenda. Mteja akijaribu gauni lisilomfaa, alimwambia. "Mama, hili linakuonea tumboni. Chukua lile." Bosi alimfokea, lakini wateja waliporudi walimwulizia yeye, si bosi. Sasa, duka likiwa halipo, akapata wazo ambalo sisi majirani lilituchukua muda kulielewa.

Wenye chapa za nguo siku hizi wanauza kwa simu. Picha za wasichana warefu wembamba wanazo tele, ila wanunuzi wamezichoka. Wanataka kuona lile gauni likivaliwa na mtu anayefanana nao, mwenye nyonga, mwenye kwenda sokoni kwa pikipiki. Azeta ni mfupi, nyonga anazo, na pikipiki anayo, japo inawaka ikitaka. Angevaa hizo nguo, ajirekodi, awauzie video, nao waziweke kwenye kurasa zao. Hakuhitaji kuwa maarufu. Hakuhitaji bosi pia.

Mama yake alipiga simu kutoka Garango kuulizia hiyo kazi mpya.

"Wanakupa nguo?"

"Wananipa, mama."

"Unabaki nazo?"

"Nyingine nabaki nazo. Nyingine narudisha."

"Basi mwanangu umekuwa kamba ya kuanikia."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Sandrine Tapsoba, mwenye karakana ya mavazi ya danfani, kile kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa mkono, kule mtaa wa Dassasgho, mwanamke nadhifu ambaye hata akipiga chafya hutengeneza kola kwanza. Alimpa Azeta gauni la mistari ya buluu. Azeta akafagia chumba, akatundika pazia jeupe ukutani, akaazima taa yangu ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi. Akasimama mbele ya simu. Hapo ndipo sauti yake ilipomtoka na nyingine ikamwingia. Ilikuwa sauti ya yule mwanamke wa uwanja wa ndege anayeita abiria waliochelewa.

"Je, unatafuta umaridadi unaoheshimu asili yako?"

Pélagie, ambaye alikuwa nje akikamua taulo, akauliza kwa nguvu, "Nani amefariki?"

Video ikatumwa. Waliobonyeza alama ya kuipenda walikuwa Sandrine, dada yake Sandrine, mimi, na bwana mmoja anayeuza simu ambaye hupenda kila kitu. Azeta akatengeneza nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa safi. Zote ziliita abiria.

Kisha ikaja ile nguo ya kipande kimoja, suruali na blauzi zimeshonwa pamoja, danfani ya rangi ya machungwa, zipu mgongoni. Azeta alikuwa katikati ya kurekodi Pélagie alipoingia kuazima birika, bila hodi, kama kawaida yake. Akasimama. Akamtazama kuanzia juu hadi chini, akarudi juu.

"Mbisa, ngoja kwanza. Hiyo nguo unaivua vipi?"

"Anti, narekodi."

"Rekodi, nani kakukataza? Mimi nauliza tu. Zipu iko mgongoni, choo kiko mwisho wa ua, na wewe unatafuna karanga toka asubuhi. Ukibanwa?"

"Haina shida."

"Nionyeshe."

"Toka nje, mla mbwa."

"Haya, umeshabanwa. Nakimbia pembeni yako. Moja. Mbili."

Azeta alijizuia asicheke, akashindwa. Ndani alikuwa na fulana na kaptula, basi akapeleka mkono mgongoni. Mkono ukafika katikati ukagoma. Akapeleka wa pili kutokea juu. Akazunguka pale chumbani viwiko vikiwa hewani kama kuku anayeoga vumbi.

"Tano. Sita. Jamani, majirani, leteni dekio!"

"Subiri!" Azeta akanyakua utepe wa nywele uliokuwa kitandani, akaomba Pélagie amfungie kwenye kishikio cha zipu, kisha akauvuta kupitia begani. Zipu ikateremka bila ubishi. "Haya! Nimefika chooni!"

"Umefika. Ila miguu imelowa."

Mchana ule Azeta alikaa kwenye benchi la saluni akiitazama hiyo video mara nyingi. Nilimwona usoni kwamba ameona kitu. Mwisho akamgeuzia Pélagie simu. "Anti, nikiituma hii utakasirika?"

"Nikasirike kwa lipi? Aliyelowa ni wewe."

Aliyekasirika ni Sandrine. Alipiga simu, na hata mimi niliyekuwa ninapita na ndoo nilimsikia. "Azeta! Bibi yangu amefuma danfani maisha yake yote, mama yangu amefuma, mimi nashona, halafu wewe unaniwekea choo?"

"Dada Sandrine, kila mwanamke akiiona ile nguo anajiuliza hilo hilo. Hawakuambii tu."

Sandrine alikata simu. Azeta akaziweka nguo zote za karakana kwenye mfuko, zimekunjwa vizuri, tayari kurudishwa, na kwa siku kadhaa alikuwa mnyonge kiasi kwamba hata Pélagie alimtukana kwa sauti ya chini.

Kilichotokea tulikuja kuhadithiwa baadaye. Fundi mmoja wa Sandrine aliiona video kwenye simu ya bosi wake, akamwita mwenzake, na muda si mrefu vyerehani vyote vya karakana vilikuwa kimya na mafundi wanacheka wameshikana mabega. Sandrine alipouliza kuna nini, fundi mkubwa akamwambia ukweli: yeye mwenyewe alijiuliza hilo swali siku aliyokata kitambaa, akaogopa kusema. Sandrine alitengeneza kola. Akaagiza kila zipu ishonewe utepe. Kisha akaiweka video hewani.

Nguo ile ikaisha. Wakashona nyingine, ikaisha. Oda zikatoka Koudougou, zikatoka Bobo. Sandrine akaja mwenyewe Gounghin, akaruka mtaro kwa viatu vyake virefu, akamwambia Azeta anataka video zaidi. "Na yule mama mchokozi awepo."

"Mama mchokozi yuko hapa, anasikia," Pélagie akasema. "Karibu kiti. Hizo nywele nani alikufanyia? Ulimshtaki?"

Hivyo ndivyo kazi ilivyoshika. Walikuja wenye mashati ya koko dunda, kitambaa cha kutiwa rangi kama batiki, akaja mtengeneza ndara wa Bobo, akaja dada wa vilemba kutoka Cotonou. Azeta alijifunza mambo ambayo hakuna anayefundisha. Alijifunza kuandikiana na mteja mwanzoni video itatumika kwa muda gani na wapi. Alijifunza kukataa nguo mbovu kwa heshima. Lililomshinda ni kutaja bei. Tulifanya mazoezi jioni, mimi nikiwa mteja bahili.

"Bei yako?" namwuliza.

Anaitaja, halafu palepale anaongeza, "lakini tunaweza kuelewana."

"Nyamaza!" Pélagie anapiga kelele kutoka nje. "Ukishataja, funga mdomo! Weka karanga humo!"

Na kweli alianza kutafuna karanga kila alipozungumza bei kwa simu. Wateja wakadhani ule ukimya ni msimamo.

Pélagie alipata fungu lake kwa kila video. "Nikupe hela au kichwa cha mbwa?" Azeta alimwuliza mara ya kwanza.

"Hela. Kichwa nyie Wabisa mtakinyofoa njiani kabla hakijanifika."

Sasa balaa. Wanawake walianza kutoka mitaa ya mbali kuja kusukwa na yule mama wa kwenye simu. Mmoja alitoka Pissy na pikipiki yake, akalipa kusukwa, matusi akapewa bure, akaondoka anacheka peke yake barabarani. Pélagie akaanza kujitazama kwenye kioo cha wateja. Asubuhi moja niliitwa nje na watoto wa ua nikaone. Alikuwa amevaa wigi jekundu, rangi ya mdomo, na miwani ambayo nina hakika haikuwa na namba ya macho. Azeta alikuwa amevaa kaftani ya mteja mmoja, simu imewekwa tayari.

Pélagie akavuta pumzi. "Azeta mpenzi," akasema, kwa lugha ya mtangazaji wa redio, "vazi hili linaakisi nafsi yako."

"Linaakisi nini?"

"Nafsi."

"Anti, uko mzima?"

"Mzima kabisa. Hakika ni chaguo la mwanamke wa kisasa."

Yule mwanamke wa uwanja wa ndege alikuwa amemhama Azeta na kuhamia kwa Pélagie. Wakarudia. Wakarudia tena. Azeta akaona amchokoze. "Hilo wigi umenyoa mbwa gani?"

Kwa anayewajua Wagurunsi, hapo mtu hujificha nyuma ya mlango. Mimi nilisogea kabisa. Pélagie akageukia simu, akatabasamu meno yote yakaonekana. "Mwanangu anapenda sana utani," akasema.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Wateja wakaanza kuuliza kwa upole kama Anti anaumwa.

Kipindi hicho hicho kampuni kubwa ya Abidjan ikampata Azeta. Wao walitaka kila kitu kama kwenye ile video ya zipu, lakini kwa mpango: maneno yameandikwa, saluni ya kuigiza imejengwa ndani ya ukumbi hapa mjini, machanuo mapya ambayo hayajawahi kugusa nywele, na mwigizaji mzuri wa kucheza Mgurunsi. Azeta alikubali. Nani angekataa? Alikwenda amependeza, akarudi mapema, akakaa kwenye benchi la saluni na viatu mkononi.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Yule mama anaigiza vizuri sana. Aliniambia, 'Mbisa mla karanga, hizo nyonga zimepitaje mlangoni?' Maneno yale yale ya Anti." Akakung'uta vumbi la kiatu kimoja. "Nilitaka kumpiga kofi. Kisha nikataka kulia. Wao wanasema, vizuri, rudia."

Pélagie aliacha kusuka. "Huyo mwigizaji kwao wapi?"

"Ziniaré."

"Mmosi?" Akanigeukia mimi kana kwamba nimemtuma. "Mmosi amtukane Mbisa wangu? Kwa ruhusa ya nani?"

Nilimwomba msamaha kwa niaba ya kabila zima, nikamwambia Azeta aweke viatu chini. Video ya Abidjan ilitoka, ikapita, na kampuni haikupiga simu tena.

Mwezi wa vumbi ulipoanza, baba yake Azeta akafariki kule Garango. Azeta alitangulia. Sisi watu wa ua tulikodi gari, tukaondoka alfajiri. Pélagie alipanda bila wigi, kitambaa cheupe kichwani, kopo la bati mapajani, na hakusema neno mpaka Tenkodogo. Nilikuwa sijawahi kumwona akinyamaza umbali huo. Yeye na Mzee Bancé walifahamiana. Mzee aliwahi kukaa kwetu alipokuja kutibiwa macho, na kila asubuhi walikuwa wakitukanana kwenye foleni ya bomba.

Tulimkuta Azeta akizunguka na jagi la maji, akiwahudumia wageni kama mtu aliyeajiriwa kwenye msiba wa watu wengine. Uso mkavu. Shangazi zake walituambia hajalia tangu afike. Tukakaa chini na wanawake. Pélagie akamnong'oneza mjane kitu, mjane akaitikia kwa kichwa, wakaingia ndani pamoja.

Wanaume walipobeba jeneza na kuelekea mlango wa ua, walikuta mlango umezibwa. Pélagie alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, amevaa kanzu pana ya kijivu ya marehemu na kofia yake, imekaa upande kama alivyokuwa akiivaa mwenyewe.

"Hapiti mtu!" akasema. "Mnampeleka wapi? Mna hakika amekufa? Mimi Wabisa nawajua, wakishiba hulala hivi hivi."

Mbebaji mmoja akasema, "Mama, tupishe."

"Nitawapisha nikishampima." Akainuka, akalisogelea jeneza, akalitikisa kopo lake. Karanga zikalia ndani ya bati. "Mzee Bancé! Karanga! Mpya, za msimu huu!" Akatega sikio. Akatikisa tena, polepole, karibu kabisa na pale kichwa kilipolala. Akangoja. Kisha akashusha mkono. "Mh. Hajaamka. Basi ni kweli."

Imamu, ambaye naye ni Mbisa, aligeukia ukuta, mabega yakatikisika. Wa kwanza kucheka kwa sauti alikuwa mjane. Halafu Azeta. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikaongezeka, akaweka jagi chini ili lisimwagike, na hapo hapo kikageuka kilio, kikubwa, cha mtoto wa mtu. Shangazi zake wakamkumbatia. Binamu yake mmoja alikuwa ameinua simu kurekodi. Azeta, machozi yakimtiririka, akanyoosha mkono akaishusha ile simu.

"Sipishi bure," Pélagie akasema. "Nani atanilipa?" Azeta akamfuata, akamwekea sarafu kiganjani. Pélagie akaiuma. "Wabisa bahili mpaka leo." Kisha akavua kofia ya mzee, akasogea pembeni, na jeneza likapita. Uso wake sikuuona tena kwa muda; aliuelekeza chini, kwenye kopo.

Baada ya arobaini Azeta alirudi kazini na utaratibu mwingine. Asubuhi aliweka simu kwenye rafu ya saluni, juu ya makopo ya mafuta, akawaambia wote waliokuwamo, "Hii inarekodi. Asiyetaka akae upande ule." Kisha akavaa nguo za wateja na kuendelea na mambo yake: kufua, kupiga pasi, kubishana, kula. Hakuna aliyesema anza wala rudia. Jioni anatazama, anakata kinachofaa. Sharti lilikuwa moja: hakitoki kipande Pélagie hajakiona.

Siku za mwanzo Pélagie alishika chanuo kama askofu ameshika fimbo. Lakini joto la mwezi wa nne halina heshima kwa wigi. Likavuliwa. Simu ilikuwa pale tu, haisemi kitu, na mtu hawezi kuringia rafu kila siku. Siku moja Azeta alipita na sketi mpya ya danfani, na bila hata kuinua macho Pélagie akasema, "Mbisa, hiyo sketi imekukimbia kwa nyuma. Irudie mkajadiliane." Mimi niliyekuwa kitini nikamfinya jirani yangu. Alikuwa amerudi.

Wateja wengine hawakupenda utaratibu huo. Walitaka tarehe ya matusi. Azeta aliwaambia matusi hayaagizwi, yanakuja yenyewe. Baadhi wakaondoka, waliobaki wakatosha. Ana wa kudumu sasa, Sandrine akiwa wa kwanza, na pikipiki mpya inayowaka hata isipotaka. Mama yake huwaambia watu wa Garango kwamba binti yake anawajaribia watu nguo, na wakiuliza kama ni kazi, anawajibu wamwulize huyo binti kodi yake hulipwa na nani.

Juzi, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya sikukuu ya wanawake ya mwaka huu, tulikaa watatu kutazama vipande vya wiki. Pélagie alicheka matusi yake yote kana kwamba yametoka kwa mtu mwingine. "Hiyo tuma. Hiyo tuma. Hiyo kali, tuma."

Kikaja kipande kingine. Azeta alikuwa mlangoni, amevaa nguo ya kitenge cha sikukuu hiyo, ya mteja, anaondoka kwenda harusini. Pélagie anamwita, anamgeuza, anamlaza kola vizuri kwa vidole viwili. Anarudi nyuma hatua. "Umependeza, mwanangu," anasema. "Laiti mzee angekuona."

Kikaisha. Feni ilizunguka.

"Futa," Pélagie akasema.

"Anti, hiki ndicho kizuri kuliko vyote."

"Futa, nimesema. Ndugu zangu wote wa Réo wanatazama hizi video. Unataka nikawaambie nini, kwamba namsifu Mbisa?"

Azeta alinitazama nimsaidie. Nilitazama bati la paa, nikakuta lina kutu nyingi ya kupendeza.

"Basi, nimefuta."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Pélagie alihakikisha kwa miwani ile ile isiyo na namba, akaivua, akavuta kiti kwa mguu.

"Kaa hapa. Hizo nywele zako zimekuwa kama shamba la karanga walilopita nguruwe."

Azeta akakaa.